Gari Linalolala Mokowe: Umeme na Safari ya Kila Siku ya Mkazi wa Wiyoni

Mkazi wa Wiyoni, katika kisiwa cha Amu, ambaye kazi yake iko bara, hulazimika kila siku kupanda chombo cha majini kabla ya kupanda cha nchi kavu, kwa kuwa kisiwa hicho hakina daraja, na barabara ya lami inayoelekea Hindi, Witu na Garsen huanzia ng'ambo ya maji, karibu na gati ya Mokowe. Kwa sababu hiyo, suala la kuacha gari la petroli na kuhamia gari dogo la umeme, ambalo Nairobi na Mombasa huzungumzwa kwa upande wa bei na umbali tu, huku Lamu huanza na jambo jingine lililo la msingi zaidi, nalo ni mahali gari litakapolala, na namna litakavyochajiwa ilhali mwenyewe yuko upande wa pili wa mkondo. Makala haya yanashikilia kwamba jambo hilo ndilo linaloamua mengine yote, na kwamba kutengana huko kwa gari na mwenyewe, kunakodhaniwa kuwa kikwazo, kunaweza kuwa faida kubwa iwapo Mokowe itaandaliwa ipasavyo.

Safari hizi zimeongezeka kwa sababu zinazoeleweka. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, shughuli nyingi za serikali ya kaunti zilielekezwa Mokowe, na watumishi wengi ambao makazi yao yako kisiwani wakawa wanavuka asubuhi na kurudi jioni. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu, iliyojengwa Kililana chini ya mpango wa miundombinu uitwao LAPSSET, ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na barabara ya Garsen hadi Lamu, iliyokuwa ya vumbi na tope kwa vizazi, ikatiwa lami, hata mtu akaweza kufikiria kulala Amu na kufanya kazi Mpeketoni bila ya kuhama. Kisiwani kwenyewe hali ni nyingine kabisa: mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo vilipimwa kwa mtu na punda, wala havikungojea gari. Gari la mkazi wa Wiyoni, kwa hiyo, ni gari la bara tangu siku linaponunuliwa hadi siku linapouzwa, na usiku hulazwa Mokowe, ama kwenye uwanja wa kuegesha wenye mlinzi, ama kwa jamaa mwenye ua.

Kabla ya kuingia katika hesabu, inafaa kueleza gari la umeme ni chombo cha namna gani. Badala ya tangi la mafuta na injini inayounguza petroli, gari hilo lina betri kubwa ya lithiamu iliyolazwa chini ya sakafu, mota ya umeme inayozungusha magurudumu, na kati ya viwili hivyo kifaa kiitwacho inveta, ambacho hugeuza umeme mnyoofu wa betri kuwa umeme wa mawimbi unaohitajiwa na mota. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kwa njia ya joto, na kinachofika kwenye magurudumu kwa kawaida ni kati ya asilimia 20 na 30. Mota ya umeme, kwa upande wake, hufikisha zaidi ya asilimia 80 ya nishati iliyotolewa na betri. Zaidi ya hayo, dereva anapoondoa mguu kwenye kichapuzi, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, utaratibu unaoweza kuitwa breki rejeshi, ambao huzifanya breki za kawaida zidumu miaka mingi. Hakuna oili ya injini ya kubadilishwa, hakuna plagi za kuwasha moto, wala hakuna bomba la moshi.

Kipimo kinachotumika ni kilowati-saa, ambacho Wakenya wanaonunua tokeni za umeme hukiita uniti moja, yaani nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwa kimewashwa kwa muda wa saa nzima. Gari dogo la umeme, likiendeshwa kwa kiasi katika nchi tambarare kama ile ya Lamu, hutumia karibu uniti 15 kwa kilomita 100, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea wakati wa kuchaji, mita itaonyesha kama uniti 17. Ichukuliwe kwamba mfanyakazi huenda kilomita 100 kwa siku, kwenda na kurudi, umbali usiotofautiana sana na wa mtu anayetoka Mokowe kwenda kufanya kazi upande wa Mpeketoni. Kwa bei ya matumizi ya nyumbani, ambayo pamoja na kodi na tozo imekuwa ikikaribia shilingi 30 kwa uniti, safari ya siku hiyo itamgharimu kama shilingi 510. Gari dogo la petroli linalotumia lita saba kwa umbali huohuo litakula kama shilingi 1,200 au zaidi, kwa sababu kati ya mwaka 2023 na 2025 lita moja ya petroli jijini Nairobi haikushuka chini ya shilingi 170. Katika siku 22 za kazi, tofauti hiyo hufikia takriban shilingi 15,000 kwa mwezi.

Fedha hizo si kidogo, lakini zisimpofushe mnunuzi. Ikiwa gari la umeme limelizidi la petroli bei kwa shilingi 500,000, na nyongeza hiyo imekopwa benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba peke yake katika mwaka wa kwanza itakula zaidi ya shilingi 6,000 kila mwezi kabla ya mkopo wenyewe kuanza kupungua. Serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na hatua hiyo imesaidia, ila bado gari la umeme lenye betri nzuri huwa ghali kuliko mwenzake wa petroli wa umri uleule. Faida ya kweli humfikia yule anayesafiri mbali kila siku, na humkwepa yule ambaye gari lake hutoka mara mbili kwa wiki.

Hapa ndipo Mokowe inapopata uzito wake. Mwezi Aprili 2023, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 16 kwa uniti katika saa za kawaida na shilingi 8 katika saa za matumizi madogo, hasa usiku, kabla ya kodi na tozo nyingine kuongezwa. Punguzo la usiku lina sababu yake: umeme wa Kenya hutokana kwa kiasi kikubwa na mvuke wa ardhini wa Olkaria, na mvuke huo hauzimwi kwa urahisi watu wanapolala, hivyo sehemu yake huweza kuachwa ipotee hewani bila ya kumfaa mtu. Kuchaji gari usiku ni kununua kitu ambacho kisingepata mnunuzi. Kwa bei hiyo ya usiku, uniti 17 za safari ya kilomita 100 zingegharimu shilingi 136 za msingi, kiasi ambacho hakinunui hata lita moja ya petroli.

Bei hiyo, hata hivyo, huhitaji mita yake peke yake, iliyotengwa na matumizi ya nyumba, na watu wachache watakubali gharama na usumbufu wa kuweka mita ya pili kwa ajili ya gari moja. Mjini Nairobi magari hutawanyika usiku, kila moja kwenye ua wake au chini ya jengo lake la ghorofa, na kila mwenye gari hujitafutia njia. Magari ya wakazi wa kisiwani hayana pa kutawanyikia. Bahari huyazuia pamoja, usiku kucha, mahali pamoja, katika saa zilezile ambazo umeme ni rahisi, na kwa hiyo mita moja ingeweza kuyahudumia yote. Ni vigumu kufikiria sehemu nyingine ya pwani ya Kenya ambayo mazingira yenyewe yameyakusanya magari hivyo kabla ya mtu yeyote kupanga.

Wala mitambo ya gharama kubwa haihitajiki. Soketi ya kawaida ya vichwa vitatu, ikitoa ampea 10, hupitisha kama kilowati 2.3, na kwa saa nane za kuanzia saa nne ya usiku hadi saa kumi na mbili ya asubuhi huingiza uniti 18, ambazo zinatosha safari ya kesho yake na kubakiza kidogo. Faida nyingine ya soketi hiyo ni kwamba huondoa tatizo la vichwa vya kuchajia: magari ya Japani huja na aina moja ya kichwa, ya China na nyingine, na ya Ulaya na nyingine tena, ilhali takriban kila gari dogo linaweza kuja na waya wake wa kuunganisha kwenye soketi ya kawaida. Kinachotakiwa ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, kwa sababu kuvuta ampea 10 kwa saa nane mfululizo si sawa na kuchemsha birika kwa dakika tano. Waya mwembamba utapata moto, na soketi iliyolegea itayeyuka. Hewa ya chumvi ya pwani nayo hula shaba na kutia kutu kwenye maungio, hivyo soketi lazima ziwe za aina inayozibwa dhidi ya unyevu, ziwe na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli, na swichi ya kukata umeme pindi unapovuja.

Juu ya soketi hizo pawepo paa. Jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wengi wanaonunua magari ya umeme yaliyokwisha kutumika hulijua wakiwa wamechelewa. Betri ya lithiamu huzeeka kwa namna mbili, kwa kuchajiwa na kutumiwa mara nyingi, na kwa kukaa tu, na huko kuzeeka kwa kukaa huharakishwa sana na joto, hasa betri ikiwa imejaa kabisa. Nissan Leaf, gari dogo la umeme lililoanza kuuzwa Desemba 2010 na ambalo limeingia Kenya kwa wingi kuliko mengi ya aina yake kupitia soko la magari yaliyotumika ya Japani, lilitengenezwa bila ya mfumo wa kupoza betri kwa maji, na hutegemea hewa tu. Katika nchi za baridi upungufu huo hauonekani. Katika pwani yenye msimu wa kaskazi, ambapo jua la Januari hadi Machi huichoma lami tangu asubuhi, gari lililoachwa kutwa nje, kama siku zisizo za kazi, likiwa limejaa chaji hupoteza uwezo wake mapema zaidi ya lile linalopata kivuli. Banda la makuti, ambalo watu wa pwani wamelijenga kwa karne nyingi kwa sababu hupitisha upepo na kuzuia jua, lingelifaa gari hilo kuliko paa la mabati, mradi nyaya za umeme zipitishwe kwenye mabomba mbali na makuti yenyewe, kwa kuwa moto wa makuti ni balaa ambalo Lamu inalifahamu vizuri.

Mnunuzi wa Leaf lililotumika hana budi kusoma afya ya betri kabla ya kutoa fedha. Kwenye dashibodi, pembeni ya alama ya chaji, kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki. Kistari cha kwanza hutoweka betri inapopoteza kama asilimia 15, na vinavyofuata hutoweka kwa kila upungufu wa asilimia sita hivi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na betri ya uniti 24, na kwa kipimo cha serikali ya Marekani yalikwenda kilomita 117 yakiwa mapya. Betri hiyo ikibaki na asilimia 70, masafa yake ni kilomita 80 tu, na mtu anayefanya kazi Mpeketoni hatarudi nayo Mokowe. Toleo lililoanza mwishoni mwa 2017 lina betri ya uniti 40 na masafa ya kilomita 243 likiwa jipya, hivyo hata likipungua hadi asilimia 80 litakwenda zaidi ya kilomita 190, kiasi kinachomwachia dereva akiba ya kutosha hata akiwasha kipoza hewa. Kwa safari inayozungumziwa hapa, toleo la pili ndilo linalofaa, na bei nafuu ya lile la kwanza isimshawishi mtu yeyote. Kanuni ya Kenya inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka minane imefunga mlango kwa yale ya kale, lakini yaliyokwisha kuingia bado huuzwa mkono kwa mkono.

Akiba hiyo ya masafa, katika barabara ya Lamu, ni suala la usalama. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na mengine yaliyofuata, sehemu za barabara ya kwenda Garsen zimekuwa na vizuizi vya polisi na misafara ya magari yanayosindikizwa, na hakuna mtu mwenye busara atakayetaka kuzimikiwa na gari jioni kati ya vituo viwili. Mwenye gari la petroli huweza kubeba dumu la akiba. Mwenye gari la umeme hana dumu, na akipungukiwa hana budi kutafuta soketi na saa kadhaa za kungoja. Ushauri wa haki, basi, ni kwamba gari dogo la umeme litumike kwa safari ya kila siku inayojulikana, yaani Mokowe, Hindi, bandarini na Mpeketoni, na kwamba safari ya Mombasa, ambayo ni zaidi ya kilomita 300, iachiwe basi. Vivyo hivyo wakati wa mafuriko ya Mto Tana, kama yalivyoikata barabara hiyo mwishoni mwa 2023, gari la umeme lisithubutishwe kuvuka maji yasiyojulikana kina chake. Maji ya chumvi yana hatari zaidi kwa betri ya lithiamu: baada ya kimbunga Ian kulipiga jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama katika maji ya bahari yalishika moto yenyewe siku kadhaa baadaye. Uwanja wa kuegesha Mokowe hauna budi kuwekwa juu ya mstari wa bamvua, yaani juu ya maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo.

Wapo wanaouliza iwapo umeme wenyewe ni safi, na kwa watu wa Lamu swali hilo si la kinadharia. Serikali ilikuwa imekusudia kujenga Kwasasi kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, na wakazi waliojikusanya chini ya jina la Save Lamu walikipinga hadi Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni yake Juni 2019. Kama kituo hicho kingejengwa, gari la umeme la Mokowe lingekuwa linasogeza moshi kutoka barabarani hadi kwenye mikoko na mazalia ya samaki. Umeme wa taifa ulivyo sasa hutokana zaidi na mvuke wa ardhi, maji, upepo wa Turkana na jua, na mtu anayechaji gari lake kwa umeme huo ana haki ya kusema kwamba amepunguza moshi kweli. Waliosimama mahakamani kuutetea ukanda huo ndio waliolifanya gari la umeme la Lamu liwe na maana.

Hata hivyo, mtu mmoja ndani ya gari la viti vitano ni matumizi mabaya ya kilicho adimu. Boti linalomvusha kutoka Amu hubeba abiria wengi kwa injini moja, na huo ndio usafiri wa pamoja uliozoeleka. Mtu yuleyule akishuka Mokowe huingia peke yake kwenye gari lake. Watumishi wanne wa njia moja wakishirikiana gari moja la umeme, kwa chama au kwa sako, hugawana bei ya ununuzi mara nne, na ugumu wa mkopo uliotajwa hapo juu hupungua mno. Mabasi ya umeme yaliyoanza kujaribiwa Nairobi na kampuni ya BasiGo mwaka 2022 yameonyesha kwamba hata biashara ya matatu inaweza kuendeshwa hivyo, na gari la abiria la umeme lenye ratiba ya kupokea boti za asubuhi lingekuwa na manufaa kuliko magari madogo kumi. Kwa maoni ya makala haya, gari dogo la binafsi ni hatua ya kuanzia kwa wale ambao saa zao za kazi haziafikiani na za wengine.

Halafu liko boti lenyewe. Injini ya petroli ya nguvu za farasi 40, sawa na kilowati 30, inayonguruma kutoka Mokowe hadi Amu hutumia mafuta mengi kwa sababu maji hukipinga chombo kuliko hewa inavyolipinga gari, na kwa jumla mwendo ukiongezwa maradufu nguvu zinazohitajika huongezeka takriban mara nane. Ndiyo maana boti la kasi linalokimbiza abiria wachache halifai kwa betri za sasa, ilhali boti pana la mwendo wa kadiri, lenye njia fupi isiyobadilika na muda wa kungoja abiria gatini, linafaa sana. Katika Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, kampuni ya ASOBO imekuwa ikiwakodisha wavuvi injini za umeme ambazo betri zake huchajiwa nchi kavu, na mvuvi halazimiki kununua betri yenyewe, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Utaratibu wa namna hiyo ukiletwa Mokowe, boti zingehitaji umeme mchana, kati ya safari moja na nyingine, wakati magari yako Hindi na Mpeketoni na soketi ziko wazi, na jua la kaskazi likipiga juu ya paneli za sola ambazo zingeweza kuwekwa kwenye banda lilelile; magari yangerudi jioni na kuchukua zamu ya usiku kwenye mita hiyohiyo. Banda moja lingetumika mchana na usiku, na gharama yake ingegawanywa kati ya nahodha na dereva, jambo ambalo serikali ya kaunti na kampuni ya umeme ya Kenya Power zinaweza kuanza kulipima sasa kwa soketi kumi na kiwanja kimoja.